Programu za bure: nani kazitengeneza, nani anazilipia

Ukinunua kompyuta mpakato ya mtumba Kariakoo, au pale Luthuli Avenue jijini Nairobi, mara nyingi unaikuta imeshajazwa. Ina Windows, ina Word na Excel, ina Photoshop, ina vya kuchezea filamu na muziki, ina antivairasi, na pengine hata programu ya uhasibu ambayo mnunuzi hakuiomba. Fundi anaigeuza skrini ikuelekee, anafungua moja baada ya nyingine ujionee mwenyewe, na hakuongezei hata shilingi. Nyumbani watu wanafurahi. Mashine inawaka, mafaili yanafunguka, kazi inaanza.

Programu hizo zimetoka wapi? Wachache huuliza, na fundi mwenyewe mara nyingi hana jibu zaidi ya flashi aliyopewa na fundi mwenzake. Ilhali kompyuta ya nyumbani imebeba mambo mazito: picha za harusi na za wazee waliotangulia, vyeti vya watoto, hesabu za duka, nywila za barua pepe na za benki. Aliyetengeneza programu iliyomo ndani ya mashine hiyo, na yeyote aliyeigusa njiani kabla haijakufikia, anaweza kuona yote unayoyaona wewe. Kwa hiyo kabla ya kuweka programu yoyote ya bure kwenye kompyuta ya familia, yajulikane mambo matatu: nani kaitengeneza, fedha za kuiendesha anazitoa wapi, na je, umeichukua kwake mwenyewe au kwa mtu wa kati. Kwa maoni yangu hilo la tatu ndilo linalowaumiza watu wengi zaidi hapa kwetu.

Windows halali na Office halali zinauzwa, na kwa kipato cha kawaida bei yake si ndogo. Ndipo zikazuka programu ndogo za kuidanganya Windows iamini kwamba imelipiwa. Iliyovuma kuliko zote inaitwa KMSPico. Microsoft waliweka utaratibu wa makampuni makubwa kuthibitisha mashine zao kupitia seva iliyomo ndani ya kampuni. KMSPico hujifanya ndiyo seva hiyo. Tovuti zinazoigawa ni chungu nzima, kila moja ikijitangaza kuwa ndiyo rasmi. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala zake zilivyokuwa zikisafiri pamoja na CryptBot, kirusi kinachokwapua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Windows inathibitishwa kweli, ule ujumbe wa kudai malipo unatoweka kweli, na mtumiaji anaamini mambo yamekwisha salama.

Maelekezo ya programu za aina hii huanza na sharti lilelile: zima antivairasi kwanza. Ni sawa na mgeni anayetaka mlinzi aondolewe getini kabla yeye hajaingia. Wenye kuzitetea husema antivairasi hupiga kelele kwa sababu tu Microsoft hawapendi uchakachuaji, na wakati mwingine ni kweli. Tatizo ni kwamba ukishazoea kuipuuza kelele hiyo, huna tena njia ya kujua siku ambayo kelele ni ya haki.

Virusi vya kudai fidia vya familia ya STOP, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Djvu, vilipita hasa mlango huo. Vilianza kusikika mwaka 2018, na njia yao kuu ilikuwa programu za kuchakachua. Mambo huenda hivi. Mtu anapakua kitu kinachodai kuwa Photoshop kamili, anakibofya, na mbele yake linatokea dirisha linalofanana na la Windows ikijisasisha. Anasubiri. Wakati huo mafaili yake yanafungwa moja baada ya jingine. Picha iliyokuwa ikisomeka harusi.jpg sasa inasomeka harusi.jpg.djvu, na haifunguki tena. Kwenye kila folda kumeongezeka faili moja jipya la maandishi, _readme.txt. Ndani yake wanadai dola 980 za Marekani, na wanaahidi kushuka hadi dola 490 ukiwasiliana nao ndani ya saa 72. Genge hilo halikuwa likiwinda mabenki. Liliwawinda watu wa nyumbani, wanafunzi na wenye vioski vya kuchapa barua, watu ambao dola 490 kwao ni kilio.

Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure chombo cha kuyafungua mafaili ya matoleo mengi ya kirusi hicho, na watu wengi walirudishiwa kumbukumbu zao. Kwa matoleo yaliyofuata, habari si njema hivyo: mara nyingi mafaili huweza kurudi iwapo tu kirusi kilishindwa kuifikia seva ya wenyewe wakati wa shambulio, kikalazimika kutumia ufunguo wa pamoja. Aliyekuwa na nakala ya picha zake kwenye diski ya nje isiyochomekwa muda wote hakuhitaji kufungua chochote. Alifuta, akasakinisha upya, akarudisha.

Kinachonisikitisha ni kwamba kazi nyingi zinazowasukuma watu huko zina programu halali za bure zinazozifanya vizuri, na zimekuwepo miaka mingi. Chukua VLC, ile yenye nembo ya koni ya barabarani ya rangi ya chungwa. Ilianzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996. Walitaka mtandao wa kasi zaidi bwenini, wakapata wafadhili kwa hoja kwamba mtandao huo utarusha video, na ikabidi waandike programu ya kuirusha na ya kuipokea. Mwaka 2001 chuo kikaridhia msimbo wake utolewe kwa leseni ya GPL, yaani yeyote aruhusiwe kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Programu za aina hiyo ndizo tunazoziita programu huria. Leo VLC inasimamiwa na VideoLAN, asasi isiyo ya faida, inayoishi kwa michango. Jean-Baptiste Kempf, anayeiongoza, amesimulia hadharani kwamba alikataa mamilioni ya euro aliyowekewa mezani ili aingize matangazo. Januari 2025 walitangaza kwamba programu hiyo imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 6. Mwenye VLC anajua nani kaitengeneza na fedha zinatoka wapi, na hatangaziwi chochote.

Si kila programu ya bure ina historia safi kama hiyo. Firefox, kivinjari ninachokipendekeza, kinategemea kwa sehemu kubwa fedha ambazo Google hulipa ili injini yake ya utafutaji iwe chaguo la kwanza ndani yake. Hilo linajulikana, liko kwenye mahesabu ya kila mwaka ya Mozilla, watengenezaji wake, na mtumiaji anaweza kubadilisha chaguo hilo kwa mibofyo michache. Mimi sina ugomvi na fedha zinazoonekana.

Ugomvi wangu ni na zile zisizoonekana. Avast ilikuwa antivairasi ya bure kwenye kompyuta nyingi za Afrika Mashariki, na mafundi waliipenda. Mwanzoni mwa mwaka 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba kampuni tanzu yake, Jumpshot, ilikuwa ikiuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji. Jumpshot ikafungwa mwezi huohuo wa Januari. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza taarifa hizo kwa ajili ya matangazo. Watu waliiweka ili iwalinde na wanaowachungulia, na yenyewe ndiyo iliyokuwa ikichungulia.

Ndugu yake CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, ana kisa kingine, na hiki hakikuwa hila ya wenyewe. Wahalifu waliingia kwenye mitambo ya watengenezaji na kupandikiza kirusi ndani ya toleo la 5.33, lililotolewa Agosti 2017 likiwa na sahihi halali ya kampuni. Kabla ya kugunduliwa Septemba, lilikuwa limeingia kwenye kompyuta zipatazo milioni 2.27. Hapo mtumiaji hakuwa na kosa. Lakini kisa hicho kinanipa sababu ya kusema jambo ambalo mafundi wengi hawatalifurahia: kompyuta ya nyumbani haihitaji programu ya kusafisha. Windows ina chombo chake cha kufuta mafaili ya muda na kuachia nafasi kwenye diski. Huko kufagia rejista kunakosifiwa kwamba kunaongeza kasi hakuongezi kasi ya maana, na Microsoft wenyewe hawakuungi mkono. Kila programu unayoiweka ni mlango mmoja zaidi wa kulinda, na mlango usiohitajika heri usiwepo.

Turudi kwa mtu wa kati. Ukiandika kwenye Google jina la programu unayoitaka, ukabofya jibu la kwanza, huenda umebofya tangazo lililolipiwa. Oktoba 2023 kampuni ya Malwarebytes ilieleza tangazo la KeePass, programu huria ya kutunza nywila, lililokuwa juu kabisa ya matokeo ya Google. Tangazo lilionesha anwani sahihi, keepass.info, herufi kwa herufi. Ukibofya, ulipelekwa kwenye tovuti nyingine ambayo herufi yake ya kwanza ilikuwa k yenye kialama kidogo chini yake, ķ, kitu ambacho kwenye skrini yenye vumbi kinapita bila kuonekana. Ukurasa ulifanana na wa kweli. Kilichopakuliwa kilikuwa kirusi. Fikiria: mtu ameamua kuwa mwangalifu, ametafuta programu ya kulinda nywila zake, na hapohapo ndipo anapotegwa.

Hata maghala makubwa ya programu yamewahi kuteleza. SourceForge, ambako kizazi kizima cha watumiaji wa programu huria kilijifunzia kupakua, mwaka 2015 ilikutwa ikiigawa GIMP, programu ya kuhariri picha, ikiwa imefungwa pamoja na programu za matangazo, ilhali watengenezaji wa GIMP walikwishaondoka hapo. Mwaka uliofuata ikapata wamiliki wapya, nao wakaukomesha mpango huo. Tovuti za kupakulia zilizojaa vitufe vikubwa vya kijani, vitatu au vinne kwenye ukurasa mmoja, bado zipo tele, na kwa kawaida kitufe cha kweli ni kile kidogo kuliko vyote.

Dawa yake haina gharama. Andika anwani mwenyewe: videolan.org kwa VLC, libreoffice.org, 7-zip.org, mozilla.org kwa Firefox, gimp.org, keepassxc.org, kiwix.org. Usiyoijua, tafuta makala yake kwenye Wikipedia, maana kisanduku cha pembeni huwa na tovuti rasmi, kisha hakikisha jina hilo linakutana na lile linalotajwa kwingine. Faili likishashuka, usikimbilie kulibofya mara mbili. Libofye kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, angalia kichupo cha sahihi za kidijitali. Faili la VLC husema limetiwa sahihi na VideoLAN. La LibreOffice husema The Document Foundation. Ukikuta jina la kampuni usiyoitambua, simama. Si kila programu nzuri hutiwa sahihi, hivyo ukosefu wake peke yake si ushahidi wa ubaya. Lakini jina lisilohusika ni sababu tosha ya kuchunguza kwanza.

Kwa faili lenye mashaka kuna VirusTotal, huduma iliyoanzishwa Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Unaipa faili, nayo inalipitisha kwenye antivairasi kadhaa kwa mpigo na kukuonesha kila moja imesema nini. Ila usipeleke humo nyaraka zako binafsi, kwa kuwa mafaili yanayopelekwa huweza kufikiwa na watafiti na makampuni yanayolipia huduma hiyo. Peleka faili la kusakinishia, si mkataba wa nyumba. Na wakati wa kusakinisha, soma kila ukurasa kabla ya kubofya kuendelea. Visanduku vilivyokwisha kuwekewa alama ya vema kabla hujaulizwa ndivyo vinavyobadilisha ukurasa wako wa kwanza na kuleta upau wa matangazo.

Wapo wanaodhani programu huria haiwezi kuharibika kwa kuwa macho mengi yanaitazama. Mwaka 2024 tuliona ilivyo kweli. Mtu aliyejiita Jia Tan alitumia zaidi ya miaka miwili akichangia kwa upole kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kote kwenye Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, akimsaidia msimamizi wake aliyekuwa amechoka, hadi akaaminiwa. Kisha akapandikiza mlango wa siri. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, na hakuwa akikagua usalama. Aliona kuingia kwenye seva yake kunachelewa kama nusu sekunde, akataka kujua kwa nini. Mlango ukafungwa kabla haujaenea kwenye matoleo ya Linux yanayotumiwa na wengi. Nimeyatafakari matukio hayo kwa muda mrefu na bado nachagua programu huria, kwa sababu Freund aliweza kuufungua msimbo na kuonesha mstari kwa mstari palipoharibiwa. Kwa programu iliyofungwa angebaki na ile nusu sekunde yake na barua ya malalamiko.

Uhai wa programu nao uangaliwe. Tazama tarehe ya toleo la mwisho. OpenOffice bado inapakulika na bado inawekwa na mafundi waliozoea jina, lakini kazi kubwa ilihamia LibreOffice tangu Septemba 2010, pale kundi kubwa la watengenezaji lilipojitenga baada ya Oracle kuinunua Sun, kampuni iliyokuwa ikiimiliki OpenOffice. TrueCrypt, ya kufunga diski kwa siri, iliachwa na wenyewe Mei 2014, na anayeihitaji leo atumie mrithi wake, VeraCrypt.

Masasisho ndiyo sehemu ngumu kwetu, na sababu yake ni bando. Watu wanazima masasisho ya Windows kwa sababu yanameza data usiku mmoja, na sitamlaumu mtu anayelipia kila megabaiti. Ila ajue gharama ya upande wa pili. Kirusi cha WannaCry kilipoilipukia dunia Mei 12, 2017, kikasimamisha hospitali za Uingereza, kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa tangu Machi 14. Njia ya kati ipo: kwenye mipangilio ya Wi-Fi, iambie Windows kuwa mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Haitajipakulia mambo mengi ovyo, nawe utachagua usiku wa bando la bei nafuu kuiruhusu. Kwa mwenye nakala iliyochakachuliwa ni shida zaidi, maana mara nyingi aliyeichakachua alizima masasisho makusudi.

Kuhusu antivairasi, Windows inayo ya kwake, Defender, iliyomo ndani tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Kwa nyumba nyingi inatosha, na kuweka ya pili juu yake ni kujitafutia mashine nzito. Adui wetu wa kila siku ni flashi. Unaipeleka kwenye duka la steshenari kuchapa kazi ya mtoto, inarudi na folda zako zote zimegeuka njia za mkato, kila moja ikiwa na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili na kimshale kidogo pembeni. Folda za kweli hazijapotea; zimefichwa. Anayebofya njia ya mkato anafungua folda yake na kuendesha kirusi kwa wakati mmoja, ndiyo maana hagutuki. Usibofye. Acha Defender iichunguze flashi, kisha washa uoneshaji wa mafaili yaliyofichwa, nakili vyako, uifomati. Washa pia uoneshaji wa viambishi vya majina ya mafaili, ili barua.pdf.exe isijifiche kwa jina la barua.pdf. Na kwa kazi ya kuchapa, flashi ndogo isiyo na kitu kingine ndiyo iende dukani.

Je, nyumba iweke nini? LibreOffice kwanza. Inaandika barua, inafanya hesabu, inatengeneza maonesho ya slaidi, inafungua mafaili ya Word na Excel. Lawama kubwa dhidi yake ni kwamba mpangilio wa kurasa huhama faili linaporudi kwenye Word, na mara nyingi chanzo ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, kwa hiyo LibreOffice huja na Carlito na Caladea, zilizochongwa ziwe na upana uleule wa herufi ili mistari isivunjike. Barua zenye majedwali yaliyopandana bado zitasumbua. Kwa nyaraka za kupeleka ofisini au kwenye maombi ya kazi, toa PDF moja kwa moja. Itaonekana vilevile kwa kila anayeifungua.

Kwa kufungua mafaili yaliyobanwa, 7-Zip ya Igor Pavlov, iliyoanza mwaka 1999, inatosha. WinRAR ambayo kila mtu anayo si ya bure, ni ya majaribio ya siku 40, na mwaka 2019 iligundulika ina kasoro iliyokaa ndani yake kwa takriban miaka 19. Kwenye Firefox ongeza uBlock Origin, ya Raymond Hill, ambaye haombi hata michango. Naihesabu kuwa kifaa cha usalama, kwa sababu vile vitufe vya uongo vya kupakulia ni matangazo, nayo huvifuta pamoja na matangazo mengine, na bando linapona. Kwenye Chrome toleo lake kamili limeondolewa baada ya Google kubadilisha kanuni za viongezi. Nywila zitunzwe kwenye KeePassXC, faili moja lililofungwa kwa neno la siri refu unalolikumbuka, na nakala yake ikae nje ya kompyuta.

Ninayotamani iwe kwenye kila nyumba yenye mwanafunzi ni Kiwix. Ilianzishwa mwaka 2007 ili Wikipedia isomeke bila intaneti. Unapakua programu, kisha unapakua kifurushi cha maudhui mara moja tu. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inakaa kwenye flashi ya kawaida na kubaki na nafasi. Ile ya Kiingereza yenye picha zote inazidi GB 100, lakini vipo vifurushi vidogo vya mada moja moja, kama tiba au hisabati. Zipo kamusi za Wiktionary, vitabu vya Project Gutenberg, na majaribio ya sayansi ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, ambamo mtoto anaunganisha betri na balbu kwenye skrini na kuona mkondo wa umeme ukitembea. Bando likiisha, kompyuta inaendelea kujibu maswali ya mtoto. Na kifurushi hicho unaruhusiwa kumnakilia jirani, na jirani amnakilie mwenzake, mpaka mtaa mzima.

Limebaki suala la mashine zenyewe. Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 Oktoba 14, 2025, wakitoa nafasi ya mwaka mmoja wa masasisho ya usalama kwa watakaojiandikisha. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Mitumba mingi iliyomo majumbani mwetu haifiki hapo. Kabla ya kuitupa au kumpa fundi ailazimishe, ijaribu na Linux Mint, mfumo huria ulioanza mwaka 2006. Unauweka kwenye flashi, unaiwasha kompyuta kupitia flashi hiyo, na unautumia bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Wi-Fi ikikamata, sauti ikitoka, printa ikachapa, basi unaweza kuusakinisha. RAM ya GB 4 inautosha, na Firefox na LibreOffice zimo tayari. Haumfai mwenye kazi inayotegemea programu ya Windows pekee, kwa mfano mhasibu anayetumia programu ya Tally, na huyo nitamshauri atafute mashine mpya zaidi na leseni halali.

Na jambo moja zaidi: LibreOffice inasema Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, na LibreOffice ni mrithi wa OpenOffice hiyo. Wengi hawajui kwa sababu usakinishaji wa kawaida huleta Kiingereza. Ukifika pale inapokuuliza aina ya usakinishaji, chagua "Custom", fungua orodha ya lugha za kiolesura, uweke Kiswahili, na kwenye orodha ya kamusi ongeza ya Kiswahili pia; maneno yaliyokosewa tahajia yataanza kupigiwa mstari mwekundu. Tafsiri yenyewe haijakamilika. Inaendelezwa na watu wa kujitolea kwenye translations.documentfoundation.org, ambako yeyote anafungua akaunti, anachagua Kiswahili, na kuanza na menyu moja.